Daftari la Shamba, Mto na Pori

Somo hili ni la wewe ulimaye katika bonde la Ruzizi, Sange na vijiji vya jirani. Ni lako pia ukaaye milimani, mahali ambapo watu wengi wameweka jembe chini na kushika sururu ya kutafutia dhahabu. Lafundisha kazi moja tu, yaani kuandika na kuchora yale tuyaonayo shambani, mtoni na porini, siku ile ile tuyaonapo. Si kazi ya wenye elimu kubwa. Ajuaye kuandika tarehe na kuchora jani aweza kuifanya. Asiyejua kuandika na achore, na mtoto wake aliye shuleni atamwandikia maneno.

SABABU YA KUANDIKA

Labda utasema, "Shamba hili nalilima tangu ujana wangu. Kwa nini niandike mambo niyajuayo?" Basi jiulize hivi. Miaka mitatu iliyopita, mvua ya kwanza iliyolowesha udongo hata jembe likaingia, ilinyesha siku gani? Baada yake zilipita siku ngapi kavu? Wewe ulipanda mahindi siku gani? Wengi wetu tutajibu, "Mvua ilichelewa," au, "Mwaka ule ulikuwa mwema." Maneno hayo si ya uongo, lakini hayapimiki. Akili ya mtu hushika mwaka wa njaa na mwaka wa shibe kubwa, nayo husahau miaka ya katikati. Lakini miaka ya katikati ndiyo mingi, na ndiyo itufundishayo majira ya kupanda.

Zamani kusahau hakukudhuru sana. Wazee walikuwa wengi kijijini, na jioni walipozungumza, mmoja aliposahau mwenzake alimkumbusha. Siku hizi vijana wengi wako mbali, Kamituga, Misisi, Luhwindja, na machimbo mengine. Mtu hurudi baada ya miezi minane, auliza habari ya mvua, naye hupewa majibu matano yasiyopatana. Mara nyingi mama aliyebaki shambani ndiye mwenye kujua yote peke yake: mbegu ilitoka wapi, upande gani hutuama maji, wadudu walianza siku gani. Akiugua, ujuzi wa nyumba nzima walala kitandani pamoja naye.

Tena liko jambo jingine. Zamani za Wabelgiji pamba ililimwa katika bonde hili kwa amri, na mkulima aliambiwa apande lini, apende asipende. Amri ile ilimchosha mtu, wala haikumfundisha, maana anayepangiwa siku na mwingine haoni haja ya kuitazama mbingu. Leo hakuna wa kukuamuru siku ya kupanda. Siku ni yako, na hasara pia ni yako. Ukipanda baada ya mvua ya kudanganya, mbegu yaoza au yakauka, nawe wanunua nyingine sokoni wakati ambapo bei imekwisha kupanda.

MTO RUZIZI ULIVYOLETA UBISHI

Habari ya mto wetu wenyewe yaonyesha nguvu ya kutazama kwa macho. Wewe wajua kwamba Ruzizi yatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, yashuka korongoni, yapita bondeni na kuingia Ziwa Tanganyika. Hakuna mtoto wa Sange asiyejua. Lakini huko Ulaya wataalamu walibishana miaka mingi: je, mto huu huingia Tanganyika au hutoka? Neno hili lilikuwa kubwa kwao, maana kama ungalitoka kwenda kaskazini, huenda ziwa letu lingalikuwa chanzo cha Nile.

Mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto huingia ziwani. Lakini hawakufika mlangoni pa mto wauone, wakarudi na maneno tu, na ubishi ukaendelea. Ndipo Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakatoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, wakautazama mkondo. Mto waingia. Wakaandika hivyo, na neno hilo likakatika.

Wenyeji walikuwa na ukweli miaka yote hiyo. Walichokosa ni karatasi yenye tarehe na mahali, ambayo mtu wa mbali angeweza kuisoma. Kumbuka jambo hili tutakapofika habari ya mto na machimbo.

VYOMBO

Vyombo ni vichache. Upate daftari moja, lile ambalo watu wa Bukavu huliita kaye, tena lenye jalada gumu kama lapatikana. Upate kalamu ya risasi, yaani kreyo, na kisu cha kuichonga. Upate rula, au kijiti ulichokitia alama za sentimita kwa kuzinakili kutoka rula ya shule. Upate mkebe wa bati wa kupimia mvua, na chupa mbili nyeupe zenye kuonyesha ndani.

Usitumie kalamu ya wino. Maji yakiingia, wino huenea na ukurasa hupotea, lakini risasi hubaki. Livingstone huyo huyo, alipokuwa Maniema kabla ya kukutana na Stanley, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya magazeti makuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko. Kwa bidii hiyo twamsifu. Lakini wino ule ulififia hata karatasi hazikusomeka, na zaidi ya miaka 130 ilipita kabla wataalamu hawajazisoma vizuri kwa vyombo vya mwanga vya namna ya pekee. Wewe huna vyombo hivyo. Tumia kalamu ya risasi.

Mkebe wa mvua uwe na kuta zilizosimama wima, usiwe mpana juu na mwembamba chini. Uufunge juu ya nguzo fupi mahali peupe, mbali na mti na nyumba, ili matone ya majani na ya paa yasiingie. Kila asubuhi saa moja ingiza rula, soma kimo cha maji kwa milimita, andika, kisha mwaga maji. Kama hakuna maji, andika 0. Watu wengi huacha siku kavu bila alama, na baada ya mwezi hawajui kama mvua haikunyesha au mpimaji alikuwa safarini. Ukikosa siku, andika "sikupima".

Wajua maana ya milimita moja? Ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Chukua shamba lenye mita 50 kwa 20. Mvua ya milimita 10 imelimwagia lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Hapo waona kwamba mvua uliyoidhani ndogo imekufanyia kazi ambayo wachota maji wa kijiji kizima wasingeimaliza kwa siku moja.

NAMNA YA KUANDIKA

Kila habari iwe na tarehe, saa, na mahali. Kisha ulichokiona, na hesabu yake. Usiandike "mahindi mengi yameharibika". Simama, hesabu mahindi 20 katika mstari, andika mangapi ni mazima na mangapi yameliwa. Hesabu ya miti ishirini si kazi ya kuchosha, nayo ni bora kuliko neno "mengi", ambalo kila mtu hulipima kwa hofu yake.

Tena tenga mambo matatu: uliyoyaona, uliyoambiwa, na unayodhani. Hili ndilo fundisho kubwa la somo hili, nalo ni gumu kuliko kuchora. Macho yetu na dhana zetu hukaa nyumba moja, nasi hatujui ni nani aliyesema. Huu hapa ukurasa mmoja uwe mfano:

"14 Oktoba, saa moja asubuhi. Shamba la chini, karibu na mfereji. Mkebe: milimita 18. Usiku mvua na ngurumo. Jana jioni kumbikumbi waliruka. NIMEONA: mahindi yametoka, majani mawili mawili. Katika mashimo 20, 17 yameota, 3 bado. Katika yale 3 udongo umefukuliwa. NIMEAMBIWA: jirani asema ng'ombe waliingia muhogo wake usiku. NADHANI: mbegu tatu zimeliwa na panya."

Tazama jinsi neno la panya lilivyowekwa mwisho, chini ya "nadhani". Mwandishi hakumwona panya, ameona udongo uliofukuliwa. Huenda ni kanga, huenda ni kunguru. Kesho akiona nyayo, ataandika nyayo. Kama angaliandika "panya wamekula mbegu", angalinunua sumu ya panya na kunguru wakaendelea kula.

KUCHORA

Watu huogopa kuchora wakisema hawana kipawa. Lakini hapa hatutafuti picha ya kutundika ukutani. Twataka umbo, kipimo na alama. Ukitaka kuchora jani, lilaze juu ya karatasi, pitisha kalamu pembeni mwake pande zote, kisha liondoe na utie mishipa yake. Jani limekwisha kuchorwa kwa ukubwa wake wenyewe. Mdudu mdogo mchore mkubwa, lakini kando yake piga mstari mfupi wa urefu wake wa kweli. Rangi iandike kwa maneno yenye mfano: "kijani ya jani la mgomba mchanga", "nyekundu ya udongo wa barabara". Na mambo yaliyo wazi hesabu: miguu mingapi, madoa mangapi, yamepangwaje.

Faida ya kuchora ni kwamba mkono hulazimisha jicho. Mtu aweza kutazama kiwavi mara mia asijue kichwa chake kina alama gani. Akishika kalamu, hana budi kuangalia kichwa.

Basi na tuchore kiwavi, maana huyu ameila mali ya watu wengi. Ni yule aitwaye kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Katika Afrika alionekana kwanza mwaka wa 2016, upande wa magharibi, na kwa muda wa miaka miwili tu alikuwa ameenea karibu nchi zote zilizo kusini ya Sahara, na Kongo pia. Nondo wake huruka usiku, tena huenda mbali akichukuliwa na upepo. Kwa hiyo wazee wetu hawana habari zake za zamani, wala usiwalaumu.

Mchore hivi. Kichwani ana mistari myeupe yenye umbo la panda ya mti iliyogeuzwa juu chini, mkono mmoja juu na miwili chini. Karibu na mkia, katika pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba, kama miguu minne ya kiti. Madoa yale manne ndiyo hati yake. Viwavi wengine wa mahindi wana madoa, lakini hawana mraba ule ulio wazi pale mkiani. Ukimchora na kuhesabu, agronomu aliye mbali ataukubali ukurasa wako bila kufika shambani.

Sasa tarehe zafaa nini? Zafaa sana. Nondo hutaga mayai kwa kundi, mara nyingi 100 hata 200, juu ya majani, akiyafunika kwa manyoya kama vumbi la pamba. Baada ya siku chache tu hupasuka. Viwavi wadogo hukwaruza jani, nalo huonekana lina madirisha meupe. Kisha huingia katikati ya hindi, mahali majani machanga yanapotoka, na huko hula kwa muda wa majuma mawili hata matatu, wakiacha uchafu kama unga wa mbao. Wakubwa wakiisha kujificha ndani, kuwaua ni kazi. Lakini katika siku za madirisha meupe, mtu aweza kupita na kuponda mayai kwa vidole, na kutia majivu au mchanga mkavu katikati ya hindi.

Kwa hiyo tangu mahindi yanapoota, pita shambani mara mbili kila juma. Usipite pembeni tu. Tembea kwa mwendo wa kwenda na kurudi kama nyoka, simama mahali patano, na kila mahali tazama mahindi kumi. Andika: katika 50, mangapi yana madirisha? Juma la kwanza 2, juma la pili 11: hapo wajua kwamba moto umewaka, wala hungoji shamba lote liwe nyavu. Na mwaka ujao daftari lakuonyesha walianza siku ngapi baada ya kupanda, nawe utakuwa macho juma moja mbele.

Muhogo nao wataka kuandikwa, lakini kwa njia nyingine. Batobato, ugonjwa uitwao mozaiki, hupindisha majani na kuyatia mabaka ya manjano. Waletwa na nzi weupe wadogo, tena wafuata vijiti vya kupandia. Chora ramani ndogo ya shamba lako, kila sehemu andika vijiti vilitoka kwa nani na mwezi gani. Baada ya miezi mitatu tia alama kila shina lenye majani yaliyopindika. Kama alama zimejaa katika sehemu moja tu, basi shaka ya kwanza ni vijiti. Kama zimetawanyika kote, huenda ni nzi. Kutoka shina la alama usikate kijiti cha kupanda, hata jirani akikusihi.

MTO NA MACHIMBO

Hapa soma polepole, maana jambo hili huleta ugomvi.

Wengi wetu twapata maji ya kumwagilia, ya kuogea, na hata ya kunywa, kutoka mito ishukayo milimani. Watu wakichimba dhahabu juu na kuosha mchanga, matope hushuka. Mifereji hujaa, mashamba hufunikwa, samaki huondoka. Wenye mashamba hulalamika, na wachimbaji hujibu, "Ni mvua. Mto ulikuwa na matope tangu zamani." Nao, kwa sehemu, wasema kweli, kwa kuwa mvua ya milimani yaleta matope hata pasipokuwa na machimbo. Basi nani atakata shauri? Kelele haitakata.

Fanya hivi. Chagua siku moja ya juma, na saa moja isiyobadilika. Jaza chupa ya kwanza maji ya mto juu ya machimbo, na chupa ya pili chini yake. Zote mbili ziwe sawa kwa ukubwa. Zipeleke nyumbani, ziweke zisimame bila kutikiswa hata kesho yake. Matope yatatua chini. Chora chupa mbili kwa ukubwa wao, tia kivuli mahali pa matope, na kando andika kimo chake kwa milimita. Kisha andika habari ya mkebe wa mvua kwa siku tano zilizotangulia. Bila neno hili la mvua, michoro yako yote haina nguvu, maana mtu wa kwanza atakayeipinga atauliza, "Je, usiku ule mvua haikunyesha?"

Kama mvua imenyesha, chupa zote mbili zaweza kuwa na matope, nawe huwezi kusema kitu. Lakini kama siku tano hakuna mvua, na chupa ya juu ina milimita 1, na ya chini ina milimita 9, basi sababu iko kati ya mahali hapo pawili. Hata hapo usikimbilie kutaja machimbo. Tembea ukingoni. Huenda ng'ombe wanavukia hapo. Huenda watu wanafyatua matofali. Andika vyote uvionavyo, hata vile visivyosaidia upande wako. Daftari linaloficha habari ya ng'ombe litaaibishwa mbele ya baraza siku ya kwanza.

Rudia kazi hii miezi mitatu ya kiangazi, Juni hata Agosti, wakati mvua haiwezi kusingiziwa. Utakuwa na kurasa kumi na mbili au kumi na tatu. Ukizipeleka kwa mkuu wa kijiji, au kwa agronomu, hutakuwa mtu mwenye kulalamika. Utakuwa mtu mwenye hesabu.

Lakini angalia! Chupa yaonyesha matope tu. Wachimbaji wengi hutumia zebaki kukusanya dhahabu, na zebaki ikiingia majini haionekani kwa macho, wala haionjeki. Maji meupe chini ya machimbo si lazima yawe maji mema. Kuchemsha huua vijidudu, lakini zebaki haiondoki kwa moto wa jikoni. Maji ya kunywa yachote juu ya machimbo au kwenye chemchemi, na mtoto asicheze mahali wanapochomea dhahabu, maana moshi ule una sumu.

Neno jingine la hadhari. Usiandike jina la mtu katika jambo la lawama. Andika mahali, siku, na kitu. Wala usiandike habari za askari, za bunduki, au za safari za watu usiku. Katika nchi yetu, ambako vita vimepita na kurudi mara nyingi, daftari laweza kufunguliwa na mikono usiyoijua. Liwe na mahindi, mvua, mito na ndege, na yeyote alifunguaye aone shamba.

HESABU YA MITI

Katika nchi ya machimbo yako mashamba yachukuliwayo. Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2018, yaweka wajibu juu ya mwenye haki ya kuchimba kumlipa fidia mtu aliyekuwa akitumia ardhi ile. Lakini siku ya kuhesabu, migomba imekwisha kung'olewa, na kila mmoja ataja hesabu yake. Basi mara moja kwa mwaka, kabla hapajatokea neno lolote, chora ramani ya shamba: mto uko wapi, njia iko wapi, urefu na upana kwa hatua zako. Hesabu migomba, miembe, michikichi, miparachichi, na kila mti uandike ulipandwa mwaka gani kama wajua. Mwite jirani mmoja kila upande wa mpaka, watie sahihi au dole gumba, na mkuu wa kijiji aandike tarehe. Hati hii haishindi kila kesi. Lakini mwenye nayo husikilizwa tofauti na mwenye mikono mitupu.

NDEGE, MAUA NA MAJIRA

Mambo haya ni ya kupendeza, tena watoto huyashika upesi. Mpe mtoto kazi ya kuandika siku ya kwanza aonapo mbayuwayu wa Ulaya, wale wenye koo jekundu na mkia wa panda, ambao hukimbia baridi ya huko na kufika kwetu karibu na mwanzo wa mvua, kisha hurudi kwao Machi au Aprili. Aandike siku ya maua ya kwanza ya mwembe, siku ya kumbikumbi, siku vyura walipoanza kulia mtoni. Achore ndege kwa mdomo na mkia kwanza, maana hivyo viwili humtambulisha kuliko rangi.

Labda babu yako alikufundisha alama za kutambua mvua kwa ndege fulani au mti fulani. Usizidharau wala usiziamini bila kuzipima. Andika siku alama ilipotokea, na siku mvua ilipokuja. Baada ya miaka mitano utajua ipi yasema kweli. Nadhani nyingine zitakushangaza kwa kuwa sahihi, na nyingine ulizozithamini sana zitaonekana ni bahati tu. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa na shirika la IRSAC lililoundwa mwaka wa 1947, chatunza mimea na wanyama wengi waliokusanywa Kivu, na kila kimoja kina kikaratasi chenye tarehe na mahali. Wataalamu wenyewe husema kwamba ndege asiye na kikaratasi ni manyoya tu. Mtoto wako akiandika tarehe chini ya mchoro wake, afanya kama wao.

KUSOMA ULIYOYAANDIKA

Daftari lisilosomwa ni kuni. Mwisho wa Agosti, kabla ya mvua, kaa na watu wa nyumba yako, fungueni kurasa. Katika karatasi moja piga mistari miwili: juu andika miezi, chini yake mvua ya kila mwezi, na chini tena siku za kupanda, za wadudu, na za kuvuna. Mtafuteni hasa neno moja: baada ya mvua ya kwanza nzuri, zilifuata siku ngapi kavu? Kama katika miaka minne mitatu ilikuwa na siku kumi kavu au zaidi, basi mvua ya kwanza si ya kupandia mahindi. Ngoja ya pili, au panda kwanza sehemu ndogo. Na kabla ya kupanda chimba kwa mkono. Kama udongo umelowa urefu wa kiganja na vidole, mbegu yaweza kuingia.

Yule aliyetoka machimboni naye asikae kimya katika kikao hiki. Yeye amezoea kutazama rangi ya udongo na mawe kuliko sisi. Mpe kazi ya kuchora ukuta wa shimo la choo au la kisima, udongo mweusi sentimita ngapi, mwekundu ngapi, changarawe huanza wapi. Mchoro huo wakuonyesha shamba lipi lashika maji na lipi layapitisha.

KULITUNZA

Panya, mchwa na mvua ndio adui za daftari. Litie katika mfuko wa plastiki, kisha katika mkebe wenye kifuniko, nao utundikwe kwenye boriti, mbali na ukuta wa udongo. Ikiwalazimu kukimbia, nalo ni jepesi, liende pamoja na mbegu. Likijaa, andika juu ya jalada siku ya kwanza na siku ya mwisho, na jina la shamba. Jipya lianze kesho yake asubuhi, saa moja, kwa kusoma mkebe.